Uso wa mwenzako usitegemee usingizi wa mutu mumoja

Ndugu, makamarade, wote munaopiga picha ku barabara na wote munaoziweka ku tovuti, neno la leo halitafurahisha kila mutu. Ni juu ya ile miraba-miraba inayowekwa ku nyuso za watu ili wasitambuliwe. Tunaiona kila pahali: ku kurasa za mashirika, za vikundi vya vijana, za waandishi wa habari, za miradi inayosaidia wakimbizi. Na tunasema wazi: mara mingi ile miraba ni bongo. Inamutuliza yule aliyechapisha picha. Yule aliye mu picha, haimulindi.

Kila mutu anajua namna mambo yanaendaga. Watu wanatoka ku barabara asubui. Saa sita, picha makumi ine zimekwisha kuingia mu WhatsApp. Saa tano ya usiku umeme umekatika, mutu mumoja amebaki na telefone yenye betri asilimia kumi, anapitisha kidole ku uso wa kwanza, wa pili, wa tano. Akifika ku uso wa kumi na saba anasinzia. Na ule wa kumi na saba njo uso wa mutoto wa mama fulani wa Katindo ao wa Kadutu, na kesho asubui uko ku intaneti, wazi kabisa. Hakuna aliyependa iwe vile. Lakini kazi inayotegemea macho ya mutu aliyechoka itaharibika tu, siku moja ao ingine, na hakuna anayejua siku ile itakuwa zamu ya nani.

Kwa hiyo musimamo wetu ni huu: kufunika nyuso isiwe tena kazi ya kidole. Iwe kazi ya mashini, mu hatua ile ile tovuti inajengwa, na mashini ikatae kuchapisha picha yoyote isiyopitia pale. Picha iliyofunikwa iwe hali ya kawaida. Mwenye kutaka kufunua uso, yeye njo atoe sababu, aandike jina lake, aonyeshe ruhusa ya mwenye uso. Leo ni kinyume: uso unatoka wazi mpaka mutu akumbuke kuufunika.

Kuna wenye watasema: "Sisi hatuogopi. Tunadai haki yetu uso wazi, mchana kweupe." Sawa. Uso wako ni wako, uonyeshe hata ku bango. Lakini yule mama aliyekuwa anapita na kibeseni cha ndizi nyuma yako, nani alimuuliza? Yule mwanafunzi wa miaka kumi na tano? Na kuna jambo lingine ambalo watu wa miji yetu wanapashwa kulielewa mbele ya watu wote wa dunia: kwetu mwenye muji anabadilika, picha inabaki. Goma ilikuwa chini ya RCD kutoka 1998 mpaka 2003. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka wa 2012 M23 iliingia, mwanzo wa mwezi wa 12 ikatoka. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 ikaingia tena, na mwezi wa pili ikafika Bukavu. Mutu mwenye miaka makumi tatu mu Goma ameona mabendera mangapi? Picha uliyochapisha chini ya utawala mumoja itasomwa na utawala unaofuata. Kijana aliyepiga makofi mbele ya kamyo ya askari, binti aliyeshika kibao, mzee aliyetoa maji ya kunywa: siku ile lilikuwa jambo la kujivunia. Miaka miwili nyuma yake ni ushahidi mu mikono ya mutu mwingine. Wewe uliyechapisha ulikuwa unafikiri juu ya adui wa siku ile tu.

Sasa tupige hesabu, juu ni mu hesabu njo bongo inajificha.

Picha ni vidoti mingi, kila kidoti kiko na rangi yake, vinaitwa pikseli. Kutia miraba ni hivi: unachukua uso wenye upana wa pikseli 240, unaupunguza mpaka 8 kwa 8, kisha unaukuza tena bila kuulainisha. Kila muraba unakuwa wastani wa rangi za pikseli 900, na kwa uso wote unabaki na rangi 64 tu. Ni kidogo, lakini si zero. Na wengi hawafiki hata pale. Skripti mingi zinazozunguka zimeandikwa na ukubwa wa muraba usiobadilika: pikseli 10, basi. Zamani, na telefone ndogo, uso ulikuwa na upana wa pikseli 80, ulipata miraba 8, angalau. Telefone za leo zinatoa picha yenye upana wa pikseli 4000, na mutu aliyekaribia kamera anaweza kuwa na uso wa pikseli 600. Gawa kwa 10: miraba 60 kwa upana, 3600 kwa uso wote. Hapo haukuficha kitu. Songa nyuma hatua tatu, kunja macho kidogo, utamusalimu kwa jina.

Hili si jambo jipya. Mwaka wa 1973 Leon Harmon wa Bell Labs, kule Marekani, alionyesha uso wa Abraham Lincoln uliotengenezwa na miraba mikubwa mikubwa, mia chache tu. Ukiwa karibu unaona viraka. Ukisimama mbali, Lincoln anakutazama. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa wale wanaoandika skripti: usihesabu pikseli ngapi mu muraba, hesabu miraba ngapi mu uso. Ukubwa wa muraba utoke ku ukubwa wa uso, kila mara, kwa kila picha.

Hata hivyo, hiyo haitoshi. Mwaka wa 2016 watafiti watatu, Richard McPherson, Reza Shokri na Vitaly Shmatikov, walifundisha programu kutambua nyuso zilizotiwa miraba na zile zilizotiwa ukungu, pamoja na ukungu wa YouTube. Na hapa watu wengi wanakosa kuelewa. Wanafikiri hatari ni mutu kuja kuondoa miraba ili uso urudi. Hapana. Mwenye kukutafuta hana haja ya kurudisha uso wako. Ako na orodha ya watu anaowashuku, ako na picha zao za Facebook. Anatia miraba ile ile ku zile picha, kisha analinganisha rangi 64 na rangi 64. Jina linalokaribia zaidi, usiku ule wanabisha ku mulango wake.

Na kama programu imekosea? Mwaka wa 2020 watafiti wa Duke University walitoa programu inaitwa PULSE, inayochukua uso mudogo wenye ukungu na kutengeneza uso mukubwa unaoonekana safi. Watu wakaipa picha ndogo ya Barack Obama. Ikatoa uso wa muzungu. Dunia ilicheka, na tunaelewa kwa nini. Lakini fikiria programu ya namna ile mu ofisi ya mutu mwenye mamlaka ya kufunga, asiyejua inavyofanya kazi. Ataona uso safi, ataamini ni ukweli, na kijana mwingine kabisa ambaye hata hakutoka nyumbani siku ile atalipa.

Basi, miraba gani inalinda? Miraba ya kubuni. Hatutanii. Paka kwanza uso wote rangi moja, nyeusi ao ya kijivu, mpaka hakuna pikseli hata moja ya mwenye uso iliyobaki. Kisha, kama unapenda sana sura ya miraba juu watu wameizoea, chora juu yake miraba yenye rangi ambazo mashini imezichagua kwa bahati tu. Musomaji ataona uso uliotiwa miraba kama kawaida. Mwenye kutafuta atalinganisha mpaka achoke, juu pale hakuna habari yoyote. Miraba ya kweli inabeba kidogo cha mutu. Miraba ya bahati haibebi kitu. Kwa video ni lazima zaidi: mutu anapotembea, kila picha ya video inatoa wastani tofauti kidogo, na ukizikusanya zote unapata uso kuliko ungepata ku picha moja.

Tufike ku JavaScript, juu huko njo tunaona mambo ya kushangaza.

Kuna tovuti zinazotia miraba mu brauza ya musomaji. Picha inafika wazi, kisha mistari miwili ya CSS inaweka ukungu juu, ao skripti ndogo inaichora upya mu kanvasi ikiwa na miraba mizuri sana. Mutengenezaji anaangalia skrini yake, anaona uso umefunikwa, anaandika "tayari". Ndugu, picha ya asili imekwisha kusafiri! Iko mu telefone ya kila mutu aliyefungua ukurasa. Kama ni CSS, anayetaka anabonyeza juu yake, anaihifadhi, inatoka bila ukungu. Kama ni skripti, anazima JavaScript, miraba inakimbia. Hii ni kufunika uso wa mutu na pazia, kisha kumupa kila mugeni kamba ya pazia. Tena ulimufanya musomaji alipe mega za picha nzima ili umuonyeshe picha iliyofichwa. Kwa bei ya mega mu inchi hii, hilo peke yake ni kosa.

Mambo haya yanapashwa kufanyika mbele, ku bildi. Kwa wasio wa kazi hii: tovuti nyingi za leo haziandikwe ukurasa kwa ukurasa. Kuna programu inayotembea juu ya Node.js, inachukua maandishi na picha mu folda moja, inazigeuza kuwa kurasa zilizo tayari mu folda ingine, na ile ya pili njo inapelekwa ku seva. Ule mulango kati ya folda mbili njo bildi. Hakuna kitu kinachofika ku intaneti bila kupitia pale. Kama kuna mahali pa kuweka mulinzi, ni pale, na mulinzi yule halale.

Wenye kuandika kode, tuongee wazi wazi, juu ku mambo madogo njo watu wanaangukiaga.

Mu npm, ukiita skripti "prebuild", itatembea yenyewe mbele ya "build". Vizuri, lakini usisimame pale. Kamarade mwenye haraka ataita programu ya kujenga moja kwa moja, na mulinzi wako atarukwa. Fanya hivi: programu ya kujenga isijue kabisa folda ya picha za asili iko wapi. Isome tu folda ambamo skripti ya kufunika inaweka matokeo. Yule asiyepita kwa mulinzi asipate picha yoyote. Ukurasa wenye shimo pa picha ni aibu ndogo sana.

Wengi wanatumia sharp, na ni chombo kizuri, kinaenda mbio. Lakini kiko na mutego. Ukiandika kupunguza na kukuza mu munyororo mumoja, sharp inafuata tu ile amri ya mwisho ya ukubwa. Ya kwanza inaipuuza. Unapata nini? Picha safi kabisa, ya ukubwa ule ule, bila kosa hata moja ku skrini. Kila kitu kijani. Lazima umalize hatua ya kupunguza, uchukue matokeo yake, ndipo uanze munyororo mupya wa kukuza. Na wakati wa kukuza, uchague njia ya jirani wa karibu, la sivyo miraba inalainishwa na kuwa ukungu. Ukifuata shauri letu la rangi moja, mutego huu hautakuhusu. Ni sababu moja zaidi ya kulifuata.

Tena kuna mukao wa picha. Telefone mingi zinahifadhi picha ikiwa imelala, kisha zinaandika alama mu metadata: "geuza mbele ya kuonyesha". Wewe umepima uso ukiwa umesimama: uko kushoto, juu. Skripti inafungua picha iliyolala, inapaka kushoto juu, na pale ni ukuta. Uso unabaki wazi kabisa, ukuta wa jirani njo umefichwa vizuri. Kwa hiyo: geuza kwanza, paka nyuma. Kisha metadata yote itupwe. Sharp inaitupa yenyewe kama haukuiomba iibakishe, na vyombo vingine haviko vile, usikisie, angalia.

Juu ya metadata yenyewe hatutakawia, watu wengi wamekwisha kusikia. Mwaka wa 2012 John McAfee, tajiri wa programu za antivirusi aliyekuwa anatafutwa na polisi ya Belize, alijulikana ako Guatemala juu ya picha moja iliyochapishwa na waandishi wa Vice. Vipimo vya GPS vilikuwa ndani. Ule alikuwa mutu wa kompyuta maisha yake yote. Jambo ambalo watu hawasikiagi ni hili: mu metadata kunaweza pia kuwa picha ndogo ya utangulizi, iliyotengenezwa na kamera mbele ya wewe kupaka. Uso mukubwa umefunikwa, mudogo uko ndani unacheka.

Basi, nani aonyeshe nyuso ziko wapi? Hapa tunaachana na wapenzi wa akili ya mashini. Wanasema: weka programu ya kutafuta nyuso, itafanya yote, mutu asiguse. Hapana. Mwaka wa 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za makampuni makubwa zinazosema kama uso ni wa mwanamuke ao wa mwanaume. Kwa wanaume weupe, kosa lilikuwa asilimia 0.8 ku programu iliyokosea zaidi. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Ile ilikuwa kazi ingine, si kazi ya kutafuta uso, tunakubali. Lakini inaonyesha vyombo hivi vilifundishwa kwa nyuso za nani. Ongeza magizani, mvua, kofia, kilemba, mutu ameangalia pembeni, mutoto ku mugongo wa mama. Programu itaona nyuso kumi na mbili kati ya makumi mbili, itasema imemaliza, na hakuna atakayehesabu.

Kwa hiyo mashini isipewe kazi ya kuona. Ipewe kazi ya kukataa. Picha ikiingia mu folda peke yake, bila maelezo, mashini inaifunika YOTE, kona kwa kona. Ukurasa unatoka na mustatili wa kijivu. Ukitaka ionekane, unaandika faili ndogo ya JSON pembeni yake: mahali gani panabaki wazi, nani ameangalia, tarehe gani, ruhusa imetoka kwa nani. Ona tofauti: hauandike mahali pa kufunika, unaandika mahali pa kufungua. Ukisahau uso wa kumi na saba, unabaki umefunikwa. Usingizi wako hautamuua mutu. Kisha, mwisho wa bildi, weka ukaguzi: skripti inalinganisha kila picha iliyo mu folda ya kutoka na picha za asili, na kama kuna moja iliyofanana byte kwa byte, inasimamisha kila kitu na kutoka na kosa. Programu za kujenga zinapenda sana kunakili folda nzima "kwa usalama". Tunajua usalama wa nani.

Na faili ya JSON isiwe na jina la mwenye uso! Inashangaza, lakini kuna wenye wangeiandika: uso umefunikwa, jina limeandikwa pembeni. Weka namba, na daftari la namba likae pahali pengine, kwa mikono ya watu wawili.

Tusisahau kwamba uso si mutu muzima. Mwaka wa 2020 kule Philadelphia, wakati wa maandamano nyuma ya kifo cha George Floyd, FBI walimufikia mwanamuke aliyekuwa amefunika uso. Walifuata T-shirt yake iliyouzwa ku Etsy, na tatuaji ku mukono. Ku miji yetu ni rahisi zaidi: viatu vya rangi fulani, jezi yenye jina ku mugongo, sare ya shule, moto yenye namba, kibao cha boutique nyuma. Mutu wa kartie anamutambua mutu kwa namna anavyosimama. Njo maana tunasema kufungua mahali, si kufunika vichwa.

Halafu kuna picha za asili. Unaweza kuwa na bildi nzuri kuliko zote za Afrika, lakini kama folda ya asili iko mu git, ku GitHub, wazi kwa kila mutu, ulifanya kazi ya bure. Na ukiifuta leo, haitoshi: git inakumbuka. Kazi yake ni kukumbuka. Mwenye kurudi nyuma mu historia anaikuta. Picha za asili zisiingie mu git hata siku moja, hata "kwa muda tu". Wala zisilale mu mashini ya yule anayetengeneza tovuti. Tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka wa 2015, Kinshasa, wakati Filimbi ilikuwa inaanzishwa, kati ya waliokamatwa kulikuwa Yves Makwambala. Kazi yake? Webmaster. Alitoka gerezani mwezi wa 8 mwaka wa 2016, pamoja na Fred Bauma. Kwa hiyo mutu asituambie mutengenezaji wa tovuti ako nyuma, mu kivuli, salama. Ako mbele kabisa, na mashini yake ako nayo. Wakimukamata yeye, wanakamata kila uso ulio mu diski yake. Picha zikae ku diski iliyofungwa na neno la siri la kweli, mbali naye, na zile ambazo hazina kazi tena zifutwe.

Tunasikia pia: "Picha bila nyuso haina nguvu. Dunia haitalia juu ya miraba." Wanaosema vile wanafikiri wasomaji wa Ulaya kwanza. Chukua mikono. Chukua migongo elfu moja ikipanda barabara. Chukua kibao, viatu vilivyobaki chini nyuma ya gazi ya machozi. Mupiga picha mwenye akili hakosi kitu. Na msemaji aliyechagua kusema uso wazi, aliyetia sahihi, aliyeelewa, huyo abaki wazi. JSON yake iandikwe vizuri, na siku akibadilisha mawazo, mustari mumoja unafutwa, bildi inatembea, uso wake unatoka ku kurasa zote kwa mara moja. Jaribu kufanya hivyo kwa kidole.

Wengine wanajibu kwamba haya ni mambo ya mainjinia, na sisi hatuna mainjinia. Si kweli. Ku ISP za Kivu, ku Lubumbashi, ku Kisangani, kuna vijana wanaojifunza JavaScript usiku na mega za kukopa. Skripti tunayoongelea haipiti mistari mia moja. Kinachokosekana ni mukubwa wa shirika kusema "bila hii, hatuchapishi". Anapenda kusema "chapisha haraka, wafazili wanangoja". Inchi iko na Kode ya Numeriki tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023, inayoongea pia juu ya ulinzi wa data za mutu. Uso ni data. Tunawauliza wenye mashirika, na tunangoja jibu lililoandikwa: ku tovuti yenu, picha inayoingia bila maelezo inatoka namna gani, imefunikwa ao wazi? Hatuombi falsafa. Mutumie mutengenezaji wenu picha moja ya mutihani, picha ya kiti, bila maelezo yoyote. Kiti kikitoka kinaonekana, mulinzi hayuko.

Na zile zilizokwisha kutoka? Miaka yote ya picha? Zipitishwe zote mu bildi mupya, na majina ya faili yabadilishwe, juu anwani ya zamani ikibaki ile ile, nakala zilizohifadhiwa kati-kati zitaendelea kuonyesha ya zamani. Zilizokwisha kunakiliwa na wengine hatutazishika zote, hiyo tunajua. Kazi ni ndefu, kwa hiyo ianzie ku folda mbili: ile ya watoto, na ile ya wamama waliobakwa ambao mashirika mengi yamewapiga picha wakiwa wamekaa mu kitanda cha hospitali, na muraba mudogo juu ya macho tu. Hizo mbili zishuke wiki hii, hata mbele ya skripti kuwa tayari.